Aya ya Hospitali

Tarehe 4 Machi

Kaka,

Naomba kitu kimoja kabla hujaenda mstari wa pili. Kama mpishi wa meli yuko karibu yako, ondoka hapo. Kama Nahodha anakuchungulia begani, ikunje barua hii uiweke mfukoni, uisome ukiwa peke yako, kisha uichome. Usimwambie mtu hata neno moja, hata kwa utani. Hasa kwa utani, maana nakujua. Nimeandika kwa mkono ili kisibaki kitu kwenye kompyuta ya ofisi, na nimeificha ndani ya boksi la vipuri, chini ya mipira ya mitungi ya hewa. Dereva hajui kama ipo. Kukupigia siwezi. Simu ya ofisi ina mkono wa pili wa kusikilizia mezani kwa Mkurugenzi, na ya kwako uliidondosha baharini ukaniambia imekwenda kutembea.

Naandaa safari ya visiwa vya volkano. Kutwa nzima niko hapa ghorofani, juu ya duka la matairi, napanga nani alale chumba kipi melini, nani anakoroma, nani avae mapezi ya saizi gani, kibali cha kisiwa kipi hakijatoka. Kazi naipenda, sitakuficha. Lakini kuna mgeni mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee anayeandika barua kwa wino kama watu wa zamani. Anasema amechora volkano ubaoni maisha yake yote na hajawahi kuiona hata moja. Mwishoni akauliza: nikiumia huko, nitapelekwa wapi?

Unajua utaratibu wa hapa. Kila swali la mgeni lina aya yake, iliyoandikwa na karani aliyenitangulia. Ipo aya ya papa, aya ya kichefuchefu, aya ya chakula. Wewe unanakili tu na kuweka sahihi. Na ipo aya ya hospitali, inayosema hospitali ya kisiwa kikubwa kilicho jirani na visiwa hivyo ina chumba cha shinikizo kinachofanya kazi. Mimi, kwa huu woga wangu, nikapiga simu kuhakikisha kama namba yao haijabadilika.

Aliyepokea akacheka. "Chumba gani, dada? Lile chuma refu kama tangi?"

"Ndilo hilo."

"Lile tunawekea magodoro. Fundi wake alihama mwaka jana, mpira wa mlango umepasuka. Kwani kuna mtu kaumwa?"

Kaka, wewe ndiye uliyenieleza chuma lile ni la nini. Kwamba mpiga mbizi akipanda juu haraka, damu yake hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa, na dawa ni kumfungia mle ndani kwenye hewa nzito, mapema, kabla miguu haijafa. Na kwenye visiwa vile vya volkano hakuna uwanja wa ndege, ni meli tu mpaka kisiwa chenye hospitali.

Nikamwambia Mkurugenzi. Akatabasamu, unalijua lile tabasamu lake. Akainuka, akafunga mlango taratibu.

"Nani alikutuma upige simu?"

"Hakuna, bosi. Nilitaka kuhakikisha."

"Umehakikisha. Sasa sahau. Tumekwenda safari ngapi? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi. Karani aliyekutangulia alikuwa na mkono mzuri na mdomo mdogo. Wewe una mkono mzuri."

Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Wewe ndiye uliyeniombea kazi hii. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Machi

Mama Wasiwasi,

Barua nimeichoma kama ulivyoagiza. Mpishi kauliza kinachonuka ni nini, nikamwambia mapenzi.

Sasa tuache mchezo. Umefanya vizuri kupiga simu. Watu wote tuliopanda meli hii tungekwenda na kurudi mpaka uzeeni, asitokee hata mmoja wa kuuliza. Bila lile chuma, safari inabadilika. Hakuna kushuka kwenye kuta ndefu. Hakuna kuingia majini mtu mwenye mafua, wala aliyelala vibaya, wala mwenye kitu chochote mwilini kisichokaa sawa, awe mgeni au awe mimi. Hiyo ndiyo sheria ya kwetu sisi wa chini, na haina bosi.

Kuhusu wageni, niachie. Jioni ya kwanza huwa nawakalisha wote mezani, nawasomea yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Nitawaambia ukweli hapo, na anayetaka kushuka gatini atashuka. Bosi wako Tabasamu hatakuwepo, atanifanya nini? Anifuate kwa kuogelea? Hata beseni linamtisha.

Wewe usidanganye, lakini pia usifukuzwe. Ile aya usiinakili. Mjibu mzee kwamba mambo ya usalama ataelezwa na kiongozi wa wapiga mbizi akishafika melini. Na siku ukisikia lile chuma limetengenezwa, hapo inakili, tena kwa herufi kubwa. Mimi nikiona sahihi yako nitajua mambo sawa.

Kula vizuri. Na usilale na wasiwasi wangu, una wako wa kutosha.

Kaka yako

*

Tarehe 12 Machi

Kaka,

Nimepumua. Nakuahidi, sitainakili aya ile mpaka chumba kifunguliwe na fundi awepo. Sahihi yangu haitakaa chini ya kitu nisichokihakikisha.

Vibali vya visiwa viwili vimetoka. Chupa za oksijeni nimeomba ziongezwe, nikasingizia kwamba wageni ni wazee. Mkurugenzi hakuuliza. Mzee wa jiografia nimempa chumba cha katikati ya meli, mahali pasipoyumba sana.

Lakini sasa nina jambo jingine. Mwandiko wako una nini? Herufi zimelala chali, nyingine zimepanda juu ya wenzao. Nilidhani bahari ndiyo inayokutikisa, kisha nikakumbuka meli iko gatini, imefungwa kamba mbele na nyuma. Huo mkono wa kushoto unaoandikia umeumia? Mara ya mwisho ulipokuja nyumbani ulinywa chai kwa mkono wa kulia. Nilikuona, nikanyamaza nikidhani una maringo mapya.

Nijibu hili kwanza, mengine baadaye.

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Leo anayeandika ni mpishi, mimi natamka tu, kwa sababu mikono yangu imejaa grisi ya kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi hewa. (Mimi mpishi nasema hana grisi yoyote. Ametoka kuoga.)

Mkono ni mzima. Niliulalia vibaya tu. (Anaulalia vibaya tangu safari iliyopita.) Huyu mpishi anaandika zaidi ya ninavyosema, naona kalamu haitulii. Ukiona kitu kwenye mabano ujue ni uzushi wa jikoni.

Tumeshapaka rangi ubavuni, boti za mpira zimezibwa. Nahodha anatazama mbingu kila asubuhi na kununa. Anasema upepo unageuka na huenda tukatoka mapema kidogo, wageni wameshaanza kufika. Kwa hiyo kama kuna kipuri, kilete upesi.

Usiogope. Kama nilivyokwambia, bila lile chuma siingii majini nikiwa na shaka hata ya ukucha. Nitakaa kwenye boti, nitamwachia msaidizi wangu awaongoze pembeni pembeni, kwenye maji ya kina cha watoto. Mimi nitahesabu vichwa na kunywa chai.

(Dada, hapa ananiambia nifunge barua. Sifungi, kalamu ni yangu. Juzi alishika sufuria ya moto kwa mkono wa kushoto, akasimama nayo anazungumza na mimi. Hakusikia kitu. Ni mimi niliyepiga kelele. Andika umkataze, wewe anakusikia.)

Kaka yako
(na mpishi)

*

Tarehe 20 Machi

Mheshimiwa Mwalimu,

Tunakushukuru kwa barua yako na kwa kuchagua safari yetu ya kulala melini katika visiwa vya volkano. Chumba chako kipo katikati ya meli kama ulivyopendelea. Mapezi na fulana ya kuelea ya saizi yako vimekwisha kupakiwa. Barua hii utakabidhiwa gatini, pamoja na kadi ya chumba chako.

Kuhusu swali lako: iwapo mgeni atapatwa na ugonjwa wa mapovu, jambo ambalo ni nadra sana, atafikishwa katika hospitali ya kisiwa, yenye chumba cha shinikizo kinachofanya kazi na wataalamu walio tayari wakati wote.

Tunakutakia safari njema.

Karani wa Safari,
kwa niaba ya Mkurugenzi

*

Tarehe 20 Machi, mchana

Kaka,

Nimeinakili.

Nataka ulisikie kwangu kabla hujaliona kwa macho. Nilikuwa nimemwandikia mzee kama ulivyonifundisha, kwamba ataelezwa akifika melini. Mkurugenzi akaja nyuma ya kiti changu na kusoma. Hakupiga kelele. Akaweka mkono juu ya kiti akasema, "Futa hii. Weka aya yetu." Sikufuta. Akasema, "Au nikuandikie mimi, halafu wewe uende nyumbani?" Vidole vikaanza kuandika vyenyewe. Akasubiri mpaka nikaweka sahihi, akaichukua yeye mwenyewe na kumpa mtu anayetangulia na wageni.

Kwa hiyo ukimwona mzee ana barua yenye sahihi yangu, usiiamini. Chumba hakijatengenezwa. Jana nilipiga tena kutoka simu ya duka la matairi, na ni magodoro yale yale. Waambie wageni jioni ya kwanza, kama ulivyoahidi. Nimeweza kuandika ule uongo kwa sababu najua utaufuta.

Na wewe mwenyewe usiingie majini. Mpishi ameniambia habari ya sufuria. Mkono usiosikia moto si mkono uliolaliwa vibaya. Unayo mapovu tayari, kaka, tangu safari iliyopita, na unajua. Shuka hapo gatini. Mwambie Nahodha unaumwa. Niko tayari kupoteza kazi, na wewe poteza safari moja tu.

Dereva anaondoka sasa hivi. Jibu lako liweke ndani ya boksi lile lile.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Machi

Dada Karani,

Pole na kazi. Boksi nimelirudisha kama lilivyo. Gari liliniharibikia njiani, na nilipofika gatini nilikuta maji matupu. Meli iliondoka asubuhi ya siku hiyo niliyofika, wanasema Nahodha alikuwa anaukimbia upepo. Wageni wote walikuwa wameshapanda.

Mipira ilipomwagika nikaona barua. Sikuifungua. Nimeirudisha humo humo. Kama ni ya kaka yako, usijali, atarudi tu, yule maji hayamtaki.

Dereva

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu Karani,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, nimerudi salama. Nimesikia ofisi yenu inasema meli imecheleweshwa na hali ya hewa. Si kweli, na nadhani una haki ya kujua, kwa kuwa jina la kazi yako liko chini ya barua niliyosafiri nayo.

Visiwa ni vya kutisha kuvitazama. Mawe meusi, hakuna jani. Chini ya maji niliona mchanga ukitoa mapovu madogo madogo ya moto, kama uji unaotaka kuchemka, nikalia ndani ya miwani yangu. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye furaha kupita wote melini.

Kwenye kisiwa cha tatu tulishuka kando ya ukuta mrefu. Mgeni mmoja mwenye kamera akawa anafuata picha zake, akishuka bila kujijua. Kiongozi wetu wa mbizi akamfuata chini kabisa, mahali ambapo mimi niliona taa tu. Alipomshika, yule mgeni akapagawa. Akajaza hewa kwenye fulana yake na kumng'ang'ania kiongozi, wakaanza kupanda pamoja kama maboya. Walipita mbele ya uso wangu. Niliuona mkono wa kushoto wa kiongozi ukipapasa kifuani, ukitafuta kitufe cha kutoa hewa. Ulipapasa kama mkono wa mtu mwingine. Haukukipata.

Mwenye kamera hakuumwa hata kichwa. Kiongozi alikaa botini akatutania kidogo, kisha akasema miguu yake imekwenda kutembea. Haikurudi. Tulimpa oksijeni na meli ikageuzwa, ikasafiri bila kusimama. Tulikuwa na matumaini, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa matumaini. Nilikuwa na barua yako mfukoni, na kila alipofumbua macho nilimsomea ile sehemu ya hospitali.

Tulipofika, daktari kijana alitutazama kama watu tuliopotea njia. Nikamwonyesha barua. Akatupeleka nyuma ya jengo akafungua mlango wa chuma. Tukaanza kutoa magodoro, mimi, Nahodha na mpishi, tukidhani yakiisha tutakuta chumba. Tulikuta kutu.

Sikuandikii kukutukana. Nimefundisha watoto miaka mingi, najua tofauti ya mwenye kosa na mwenye kutumwa. Nina swali moja tu, na nakuomba unijibu kama ungekuwa unamjibu babu yako. Ulijua?

Mwalimu

*

Tarehe 13 Aprili

Karani wangu mpendwa,

Nasikia umelia ofisini. Ni kawaida, wewe ni dada. Ndiyo maana sikutaka upate habari mapema, nilitaka nikulinde.

Watu wa mamlaka ya vyombo vya majini watafika Jumatatu. Watakuuliza wewe, kwa sababu barua za wageni zinatoka kwako. Utawaambia mambo mawili, na yote ni mepesi. Kwanza, kaka yako alificha ugonjwa wa mkono na akaingia majini kinyume cha sheria zake mwenyewe. Hilo ni kweli, hata mpishi anajua. Pili, hukupiga simu yoyote hospitalini. Tuliamini chumba kinafanya kazi, kama kila mtu.

Kampuni itabeba matibabu ya kaka yako kwa moyo wote, mradi tuwe familia moja. Miezi yako ya majaribio naihesabu kuwa imekwisha. Hongera.

Mkurugenzi

*

Tarehe 14 Aprili, hospitali ya kisiwa

Mdogo wangu,

Mpishi ndiye anaandika, na leo sina grisi ya kusingizia. (Nimeahidi kutoongeza kitu.)

Keshokutwa ndege ya mizigo inatua hapa kisiwani, wananipandisha nije huko, kwenye hospitali kubwa. Usije na uso wa msiba. Kuanzia kiunoni kushuka chini nimekuwa gunia, lakini mdomo mzima, utanisikia ukiwa bado kwenye ngazi.

Najua unajilaumu kwa sababu wewe unajilaumu hata kwa mvua. Kwa hiyo nisikilize. Jioni ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuwaambia wageni, nimewakalisha wote. Kabla sijafungua mdomo, yule mzee wa jiografia akatoa barua yako akawasomea wenzake, chumba kipo, wataalamu wapo. Nikamwomba nione. Nikakuta sahihi yako. Nikasema alhamdulillahi, wamelitengeneza, kale katoto kangu kamehakikisha. Ulikuwa umeniahidi, na wewe tangu utoto hukuwahi kunidanganya hata juu ya sukari.

Basi sikuwatisha watu. Na ule mkono, nikajiambia, ukileta matata chuma lipo. Nikaingia majini. Kama nisingeiona sahihi ile ningebaki botini nakunywa chai, lakini usinielewe vibaya, sisemi hivyo kukulaumu. Wewe ulihakikisha. Labda mpira wa mlango ulipasuka tena juzi juzi, vitu vya chuma ndivyo vilivyo. Mpishi anataka kusema kitu, nimemkataza.

Nitafutie kitanda karibu na dirisha.

Kaka yako

*

Tarehe 19 Aprili

Mwalimu, shikamoo.

Uliniuliza swali la neno moja. Nilijua.

Nilijua tangu mwanzo wa Machi. Nilipiga simu mwenyewe, mara mbili, nikaambiwa habari ya magodoro. Niliandika aya ile huku bosi amesimama nyuma ya kiti changu, lakini vidole ni vyangu. Siku iliyofuata hakuwepo ofisini, na ningeweza kukuandikia barua nyingine. Sikuandika. Na dereva aliporudisha boksi, nikajua onyo langu halikufika, na redio ya kuzungumza na meli ilikuwa mezani, hatua chache kutoka kwangu. Nilisimama mbele yake. Nilikwisha kuishika. Kisha nikasikia viatu vya Mkurugenzi kwenye ngazi, nikairudisha, nikajiambia kwamba kaka atawaambia. Sikujua kwamba kaka naye alikuwa akijiambia kwamba mimi nimehakikisha.

Kiongozi wenu wa mbizi ni kaka yangu. Hakuna aliyekwambia, na katika barua yako ulimtaja kama mtu nisiyemfahamu. Ulimsomea sahihi ya dada yake njia nzima.

Jumatatu nilikwenda mbele ya watu wa mamlaka. Niliwaambia habari za simu zote mbili na aliyepokea. Niliwaambia pia kwamba kaka alificha mkono wake, kwa sababu ni kweli, na nimechoka na vitu ambavyo ni kweli nusu. Mkurugenzi alikuwa amekaa pembeni akitabasamu mpaka nilipofika kwenye simu ya pili. Wamesema neno langu peke yake halitoshi, kwa kuwa yeye anakana na mimi ndiye niliyeweka sahihi. Wanamtaka mgeni aliyeupokea ule uongo na kuona mlango ukifunguliwa. Ndiyo maana nakuomba uje, Mwalimu, kama miguu yako inaruhusu na moyo wako haunikatai. Bado ninaogopa. Nimeandika mstari huu mara kadhaa na kila mara mwandiko unakwenda upande.

Usipige simu ofisini. Sipo tena pale, na atakayepokea atakwambia nimesafiri. Usije pia kwenye chumba nilichokuwa nimepanga, nimekirudisha kwa mwenyewe. Njoo hospitali kubwa, lango la nyuma, lile linalopitisha magari ya wagonjwa, maana la mbele walinzi huzuia watu mpaka saa ya kuangalia wagonjwa. Panda ngazi, usisubiri lifti, haifiki. Wodi ya wanaume ni mkono wa kulia. Muulize muuguzi yeyote mpiga mbizi yuko wapi, wote wanamjua, anawachekesha.

Mpaka leo naandika, hajaniuliza na sijamwambia. Anawasimulia wenzake wa vitanda vya jirani kwamba dada yake ndiye mtu pekee asiyeandika kitu bila kuhakikisha. Nitamwambia leo jioni, nikishamlisha. Utakapofika atakuwa ameshajua.

Kwa hiyo nitafute hivi. Tazama kwanza kitanda cha dirishani. Ukiniona nimekaa hapo, ingia, tukusalimie wote wawili. Ukimkuta yuko peke yake, amegeukia ukutani, usimwamshe na usimuulize nilipo. Rudi ukumbini, shuka ngazi ulizopanda, zunguka jengo upande wa kufulia. Kuna benchi chini ya madirisha ya wodi yake. Nitakuwa hapo kila siku, mpaka wafunge lango.

Karani